Kukadiria kimo cha ndege inayopaa kwa kutumia video ya abiria

Video iliyopigwa na abiria dirishani haina kimo ndani yake. Ina vitu viwili tu: pembe na muda. Kila mita utakayoitaja mwishoni lazima itoke nje ya video, yaani kwenye ramani, kwenye urefu wa jengo unaojulikana, au kwenye jua. Mtu anayeitazama video na kusema kwa macho tu "hapo ilikuwa mita mia tatu" hajapima kitu. Tukiwa angani macho yetu hukosa cha kulinganisha, na hukosea sana.

Jambo hili lina uzito. Ndege ikipata matatizo wakati wa kupaa, video za abiria ndizo hutangulia kusambaa, kama ilivyokuwa tarehe 20 Februari 2021, injini ya kulia ya Boeing 777 ya United Airlines ilipoharibika muda mfupi baada ya kupaa kutoka Denver. Taasisi za uchunguzi wa ajali za ndege kama NTSB ya Marekani na BEA ya Ufaransa huchambua video fremu kwa fremu. Sehemu ya kazi hiyo inawezekana kwa kompyuta ya kawaida nyumbani, ila kwa uangalifu uleule. Namba iliyotupwa ovyo humwangushia rubani lawama isiyo yake, na waliofiwa huisoma.

Amua kwanza unapima nini

Kimo cha kamera si kimo cha magurudumu, na kimo juu ya njia ya kurukia si mwinuko kutoka usawa wa bahari. Andika mwanzoni kabisa ni kipi unakitafuta. Mimi hupima kimo cha kamera juu ya njia ya kurukia, kisha nikageuza ikihitajika.

Kwa ndege za ukubwa wa Boeing 737 au Airbus A320, kamera iliyo dirishani huwa mita 3 hadi 5 juu ya ardhi ndege ikiwa imesimama. Hiyo utaiondoa ukitaka kimo cha magurudumu, lakini kuna mtego. Ndege inapoinua pua, huzunguka kwenye magurudumu makuu. Abiria aliyeketi mita 15 mbele ya magurudumu hayo huinuka takriban mita 2.6 pua ikifika nyuzi 10, hali magurudumu bado yanagusa lami. Aliyeketi mita 15 nyuma yake hushuka kiasi hichohicho. Kwa hiyo video mbili za safari moja, ya mbele na ya nyuma, hutofautiana kwa mita 5 kabla ndege haijaiacha ardhi. Tafuta namba ya kiti, au angalia bawa liko wapi kwenye picha. Ukiona ukingo wa nyuma wa bawa ukiwa mbele yako, umeketi nyuma ya magurudumu makuu.

Pata faili asilia na uifungue fremu kwa fremu

Nakala iliyopita kwenye WhatsApp au mitandao mingine imebanwa, huenda imekatwa kingo, na mara nyingi imepoteza tarehe na saa ya kurekodiwa. Mwombe aliyeipiga faili yenyewe, kwa adabu. Huenda bado anatetemeka kwa yaliyompata.

Programu ya kuchezea video ya VLC husogeza fremu moja moja kwa kubonyeza herufi E. Programu nyingine, FFmpeg, hutoa fremu zote kama picha pamoja na muda wa kila moja. Muda huo ni muhimu kwa sababu simu nyingi hazirekodi kwa mwendo ulio sawa: faili inaweza kudai fremu 30 kwa sekunde, kumbe nafasi kati ya fremu na fremu inabadilikabadilika. Soma muda ulioandikwa ndani ya faili. Usihesabu fremu na kugawanya kwa 30 bila kuhakikisha.

Kuna mambo matatu ya kamera ya kukumbuka. Lenzi pana sana hupinda mistari iliyonyooka, hasa pembezoni, basi pima karibu na katikati ya fremu. Simu ikituliza mtikisiko, husogeza na kukuza picha kidogo kila mara, kwa hiyo kipimo cha pikseli cha fremu moja usikihamishie fremu nyingine. Tatu, kamera ya simu haisomi fremu nzima kwa mpigo. Husoma mstari mmoja mmoja. Nguzo iliyo karibu na njia ya kurukia itaonekana imelala upande, nayo haikulala. Chagua vitu vilivyo mbali, angalau mita mia kadhaa.

Tambua kilichoko ardhini

Hapa ndipo muda mwingi unapokwenda, na ndipo kazi hufaulu au huanguka. Fungua picha za setilaiti za kiwanja cha ndege husika, kwa mfano kwenye Google Earth Pro, ambayo ina rula, mwinuko wa ardhi na picha za miaka iliyopita. Chagua tarehe ya picha iliyo karibu na siku ya video, kwani ghala lililojengwa mwaka jana litakupotosha.

Usianze na majengo. Anza na maumbo yasiyofanana na mengine: kona ya barabara, bwawa, mahali njia ya kuegeshea (ile ndege inayopita ikienda au kutoka maegeshoni) inapoungana na njia ya kurukia, mnara wa kuongozea ndege. Ukipata matatu au manne yanayokubaliana, ndipo ushuke kwenye nguzo, mapaa na kuta. Weka alama kwenye ramani na uandike fremu uliyokiona kila kimoja. Urefu wa majengo unaweza kuupata kwenye michoro ya ujenzi au kwenye chati za anga zinazotaja vizuizi karibu na kiwanja. Ukikosa, upime kwa kivuli chake kwenye picha ya setilaiti ambayo tarehe na saa yake inajulikana.

Chati hizohizo hutoa mwinuko rasmi wa kila mwanzo wa njia ya kurukia. Utumie huo. Mwinuko wa ramani za kompyuta unaweza kupotoka kwa mita kadhaa, na njia ya kurukia yenyewe mara nyingi ina mteremko.

Upeo wa macho

Hii ndiyo njia ninayoianza, kwa sababu haihitaji kujua lenzi ya simu wala umbali.

Kanuni yake ni rahisi: upeo wa macho uko kwenye kimo cha kamera. Kitu ambacho kilele chake kinagusa mstari wa upeo kina kimo sawa na kamera. Kikiuvuka kwenda juu, kinaizidi kamera; kikibaki chini yake, kamera imekizidi. Kwa hiyo ndege inapopanda, tafuta fremu ambayo kilele cha mnara wa kuongozea ndege kinakutana na upeo. Ukijua urefu wa mnara, umepata kimo cha kamera katika fremu hiyo bila hesabu yoyote.

Mara nyingi hutapata bahati hiyo, nawe utatumia uwiano. Zungusha kwanza fremu hadi upeo ulale sawa, maana ndege au mkono wa abiria huwa umeinama. Kisha chukua jengo lililosimama wima na upime mambo mawili kwa pikseli: kutoka upeo hadi kitako cha jengo, na kutoka kilele hadi kitako. Gawanya cha kwanza kwa cha pili, kisha zidisha kwa urefu halisi wa jengo.

Tuseme ghala lina urefu wa mita 24. Kutoka upeo hadi kitako ni pikseli 410, na ghala lenyewe limechukua pikseli 100. Kimo cha kamera juu ya kitako cha ghala ni 24 × 410 ÷ 100, yaani mita 98. Kama kitako hicho kiko mita 6 chini ya njia ya kurukia, kamera iko mita 92 juu ya njia. Watu wengi husahau hatua hii ya mwisho, na katika viwanja vilivyojengwa juu ya kilima inaharibu jibu zima.

Kosa linatoka wapi? Ukikosea pikseli 2 kwenye zile 100, umekosea asilimia 2. Ukikosea mita moja kwenye urefu wa ghala, umeongeza asilimia 4 nyingine. Kamera ikiwa imeinamishwa chini sana, uwiano hupotoka kwa asilimia chache zaidi. Mita 92, jumlisha au toa 6, ni jibu la haki.

Upeo unaouona baharini au kwenye tambarare umeshuka kidogo kwa sababu dunia ni mviringo. Kutoka mita 100 umeshuka kama theluthi moja ya nyuzi. Kwa kitu kilicho kilomita 1 mbali hiyo ni tofauti ya mita 5. Kwa kilomita 3, takriban mita 15. Ndiyo sababu kitu kilicho mbali kinachogusa upeo kiko chini kidogo ya kamera, si sawa nayo. Ongeza tofauti hiyo.

Adui mkubwa zaidi ni ukungu na vumbi. Ardhi ikififia kabla ya kufika upeo wa kweli, unachokiona kama upeo kiko chini mno, na kimo chako kitatoka kidogo kuliko ukweli. Milima nayo hufanya kinyume: mgongo wake uko juu ya upeo wa kweli. Katika hali zote mbili utafute upeo kwa mistari sambamba. Kingo za njia ya kurukia, njia za kuegeshea, uzio ulionyooka na barabara zinazokwenda sambamba kwenye ardhi tambarare hukutana, zikirefushwa kwenye picha, mahali palepale upeo ulipo. Jozi moja ya mistari inakupa nukta moja. Jozi nyingine ya mwelekeo tofauti inakupa nukta ya pili. Unganisha nukta hizo mbili, nawe umepata upeo wenyewe pamoja na mwinamo wa kamera, hata kama mbali yote ni nyeupe.

Kabla ya kuiamini njia hii kwa ndege iliyo angani, ijaribu ndege ikiwa bado inakimbia chini. Jibu linatakiwa liwe mita 3 hadi 5. Likitoka mita 9, kuna jengo umelikosea urefu au upeo umewekwa vibaya.

Vitu viwili vilivyopangana

Wakati mwingine upeo haumo kwenye fremu kabisa, kwa kuwa abiria ameelekeza simu chini. Hapo tafuta wakati ukingo wa paa unapofunika kitu fulani cha ardhini nyuma yake, mfano ukingo wa barabara. Katika fremu hiyo, barabara, paa na kamera viko kwenye mstari mmoja ulionyooka. Pembetatu mbili zinazofanana zinakupa kimo.

Mfano: paa lina kimo cha mita 12, na ukingo wa barabara uko mita 60 nyuma yake. Mstari unapanda mita 12 kwa kila mita 60, yaani 0.2. Kamera ikiwa mita 700 kutoka ukingo huo wa barabara, ikipimwa kwenye ramani, kimo chake ni 0.2 × 700, mita 140.

Utajuaje zile mita 700? Chora mstari huo kwenye ramani, kutoka nukta ya barabara kupitia nukta ya paa, uurefushe hadi ukutane na mstari wa katikati wa njia ya kurukia. Ndege inayopaa kawaida huufuata mstari huo kwa karibu katika sekunde za mwanzo, kwa hiyo pale inapokutana ndipo kamera ilipokuwa. Mstari mmoja umekupa mahali na kimo kwa pamoja. Ila angalia: upepo mkali wa ubavuni au kona ya mapema ikiitoa ndege kwenye mstari, umbali wako unabadilika. Ukipata jozi mbili za vitu vilivyopangana katika fremu moja, makutano ya mistari yao yatakuambia ndege ilikuwa wapi hasa bila kudhania.

Njia hii ni kali kwa makosa ya urefu wa paa. Mita moja ya kosa kwenye zile 12 ni karibu mita 12 kwenye jibu. Kwa hiyo pendelea jengo refu ambalo kitu kinachofunikwa kiko mbali nyuma yake.

Kivuli cha ndege yenyewe

Jua likiwa upande wa pili wa ndege, abiria huona kivuli cha ndege kikikimbia ardhini. Hicho ni kipimo kizuri ambacho wengi hukipuuza. Tia alama mahali kivuli kilipo kwenye ramani. Kutoka hapo chora mstari kuelekea upande wa jua hadi kwenye mstari wa katikati wa njia. Urefu wa mstari huo, ukizidishwa kwa tanjenti ya pembe ya jua juu ya upeo, ndio kimo. Jua likiwa nyuzi 35 na mstari ukiwa mita 220, kimo ni 220 × 0.70, mita 154.

Pembe na mwelekeo wa jua hupatikana kwa programu yoyote ya nyota ukiwa na tarehe, saa na mahali. Saa haihitaji kuwa kamili sana. Jua halibadilishi pembe kwa zaidi ya nyuzi 15 kwa saa, hivyo kosa la dakika 2 ni nusu nyuzi tu, na kwa mfano huu ni asilimia 2 hivi.

Hata sura ya kivuli ina habari. Jua si nukta. Lina upana wa nusu nyuzi angani, kwa hiyo kivuli hufifia kingo kadiri ndege inavyopanda. Kiini cheusi cha kivuli cha kitu hutoweka kikiwa umbali wa kama mara 107 ya upana wa kitu hicho. Mwili wa ndege wenye upana wa mita 4 hupoteza kiini chake kwenye mita 430 hivi zikipimwa kufuata mwale wa jua, ambazo kwa jua la nyuzi 35 ni kimo cha kama mita 245. Ukiona mwili wa ndege bado una kivuli cheusi chenye kiini, usikubali mtu akuambie ilikuwa mita 400 jua likiwa pale.

Muda na kasi kama mizani

Chora grafu: muda chini, kimo ubavuni, ukiweka kila jibu ulilopata. Ndege ya abiria yenye injini za jeti, ikishatulia kwenye kupanda, kwa kawaida hupanda futi 2,000 hadi 3,000 kwa dakika, yaani mita 10 hadi 15 kwa sekunde. Sekunde za mwanzo hupanda polepole kuliko hapo. Nukta inayoruka mita 40 ndani ya sekunde moja ina kosa, hata kama hesabu yake imenyooka.

Wakati wa kuiacha ardhi utausikia kuliko utakavyouona: mngurumo wa magurudumu hukatika ghafla. Tia hapo sifuri ya grafu.

Kasi ya ardhini unaweza kuipata kwa taa za ukingo wa njia ya kurukia, ambazo nafasi kati yake haizidi mita 60. Pima nafasi halisi kwenye ramani. Taa zikiwa mita 60 na kila moja ikifuatia nyingine kwa sekunde 0.8, ndege inakwenda mita 75 kwa sekunde, kama noti 146 (noti ni maili ya baharini kwa saa), ambayo ni kasi ya kawaida ya kuinua pua kwa ndege za ukubwa wa Boeing 737 au Airbus A320. Usiku, taa hizi pamoja na za barabarani ndizo karibu kila kitu ulicho nacho. Safu zake sambamba hutoa upeo kwa njia ileile ya mistari inayokutana.

Data za transponda

Tovuti kama Flightradar24 huonyesha kimo kilichotumwa na ndege yenyewe kwa transponda, kifaa chake cha redio, na wengi huishia hapo. Kimo hicho hutokana na mgandamizo wa hewa, kikichukulia kwamba usawa wa bahari una hektopaskali 1013.25. Siku ambayo mgandamizo ni 1003, tovuti itaonyesha takriban mita 85 zaidi ya ukweli, kwa kuwa kila hektopaskali ni kama mita 8.3. Soma ripoti ya hali ya hewa ya kiwanja ya saa hiyo, sahihisha, kisha ondoa mwinuko wa kiwanja. Namba zenyewe hutumwa kwa ngazi za futi 25 au zaidi, na ndege ikiwa ardhini ujumbe wake wa mahali haubebi kimo kabisa. Kwa mita 50 za kwanza naziamini pembe za video kuliko data hizi. Kuanzia mita 150 naanza kuzitegemea.

Kuandika jibu

Majibu ya njia mbili yakitofautiana kuliko makosa yanayowezekana, usiyajumlishe na kugawanya kwa mbili. Moja lina kasoro, itafute. Nimeona mara nyingi kasoro ikiwa kwenye jengo lililotambuliwa vibaya, kwa nadra ikiwa kwenye hesabu.

Andika jibu likiwa na muda wa fremu, rejea ya kimo na kosa lake, kwa mfano: "Kwenye sekunde ya 41.3 ya video, kamera ilikuwa mita 92 juu ya mwanzo wa njia ya kurukia, jumlisha au toa mita 6, kwa upeo wa macho na ghala la mita 24; mstari wa paa na barabara ulitoa mita 97, jumlisha au toa 11." Weka pamoja nalo fremu zenye alama za pikseli na ramani yenye mistari uliyoichora, ili mwingine aweze kurudia kila kipimo na kukuonyesha ulipokosea.